Tangi Lenye Pindo la Inchi Mbili

Jumamosi, 3 Februari

Shemeji kaleta zawadi. Naandika tena ili niamini: Shemeji kaleta zawadi! Mtu ambaye tangu nimuoe dada yake hajawahi kuingia nyumbani kwangu na kitu mkononi, ila kijiko, na kijiko chenyewe kakitoa jikoni kwangu.

Mfuko wa plastiki, maji nusu, samaki wawili. Urefu wa kidole. Weusi, wana mabaka ya rangi ya chungwa, na kila mmoja ana doa la mviringo mkiani kama jicho la pili. Anasema wanaitwa oska. Samaki wa mapambo, ukoo mmoja na wale wanaoitwa perege, sato, tilapia, kila mtu na jina lake. Nikauliza kama wanaliwa. Mke wangu akausogeza mfuko mbali nami.

Mke wangu kafurahi mno. Kafurahi kuliko siku nilipomnunulia pasi. Ameshawapa majina: aliyezidi kidogo ni Bosi, mwenzake ni Karani. Kwa sasa wanakaa kwenye beseni langu la kulowekea vitambaa. Mimi nilowekee wapi? Hakuna aliyeuliza.

Sasa sikia. Shemeji anasema muuza samaki kamwambia tangi la kioo liwe na urefu wa mita moja na nusu. Mita moja na nusu! Kwa vidole viwili! Nikaangaza macho sebuleni. Nafasi ya mita moja na nusu ni moja tu, chini ya dirisha. Na chini ya dirisha ipo meza yangu ya kukatia. Meza ya mbao ngumu, meza inayolisha nyumba hii, mahali pekee ambapo mtu ananiita fundi kwa heshima. Na nani aliwahi kusema kwamba meza ile inaziba upepo? Shemeji!

Mke wangu akaanza kunieleza mahali alipofikiria kuliweka. Nikamwambia asijisumbue, nimeshaelewa. Mwenye macho haambiwi tazama.

Jumatatu, 5 Februari

Nimekwenda mwenyewe kwa muuza samaki. Kwa siri. Kofia mpaka kwenye nyusi, miwani ya jua, sauti nimeishusha ikawa nzito. Nikajifanya mpita njia anayeulizia tu: samaki wakubwa wa ukoo huu wanataka tangi la namna gani?

Akaeleza bila kupumua. Kwamba hawa hawabaki vidole, mwaka hauishi watakuwa urefu wa kiwiko hadi kiganja, na unene wa kutosha. Kwamba watu huangalia urefu wa tangi wakasahau upana, na samaki si treni, lazima ageuke. Mita moja na nusu urefu, sentimita sitini upana, sitini kwenda juu, hapo wawili wanaishi bila kugombana. Kwamba wanakula sana na kuchafua sana, na maji machache hayahimili uchafu wao. Kwamba usinunue tangi la samaki uliye naye leo, nunua la samaki utakayekuwa naye.

Maneno ya mtu aliyefundishwa cha kusema. Nikaaga kwa ile sauti nzito. Akasema karibu tena fundi, zile suruali za mwanangu zimemkaa vizuri, na nimsalimie shemeji yangu.

Kanijua! Na anamjua Shemeji! Mke wangu anasema bila shaka anamjua, si ndiye aliyemuuzia. Hilo ndilo wanalotaka niamini.

Jumatano, 7 Februari

Nimekaa na hesabu zangu. Mimi si mtoto wa jana. Nashona sare za shule, na habari za kukua ndiyo kazi yangu. Kila mzazi huingia na wimbo ule ule: fundi, acha kubwa, atakua. Matokeo yake mtoto anavaa gauni kama hema, anajikwaa mwaka mzima, na wa kulaumiwa ni fundi. Dawa naijua. Kata saizi yake, acha pindo la inchi mbili. Akikua, fumua. Hakuna kiumbe aliyewahi kunishinda kwa inchi mbili.

Nikachukua tepu nikaenda kwenye beseni. Urefu, kifua, kiuno. Karani alitulia kama mteja mwenye adabu. Bosi kaiuma tepu, kaivuta, kaing'ang'ania. Nikapata kiuno chake kwa kukisia. Nikaweka pindo kila upande, na pindo jingine juu ya pindo, maana mimi si mchoyo. Ikatoka sentimita sitini kwa thelathini. Ukarimu mtupu!

Fundi vioo yupo mlango wa tatu kutoka kwetu. Nikamwambia ni tangi la maua. Akauliza maua gani yanawekewa pampu ya hewa. Akasema kama ni wale oska wa shemeji yangu, hilo nililoagiza ni bakuli la supu. Nikamuuliza kajuaje. Akasema mtaa mzima unajua. Halafu akaniambia polepole, kama anayemwambia mgonjwa: fundi, kitambaa kinafumuliwa, kioo hakifumuliwi.

Nikamwambia akate. Anayeuza kioo siku zote atakushauri kioo kikubwa.

Nimejumlisha. Shemeji, muuza samaki, fundi vioo, mke wangu. Watu wanne, neno moja. Watu wanne hawakubaliani hata rangi ya mbuzi aliye mbele yao. Wakikubaliana, ujue walikutana mahali.

Jumapili, 11 Februari

Tangi limewasili. Limekaa juu ya kigoda ukutani, karibu na mlango wa jikoni. Meza yangu haijasogea hata unywele. Ushindi!

Bosi na Karani wameingia na wamebakiza nafasi kibao. Nikamwita Shemeji aje aone. Akaja, akaona, akasema, "Haya, Shem." Basi. Mtu asiyebisha ana lake jambo.

Mke wangu akauliza wakikua itakuwaje. Nikampa elimu: wahenga hawakuwa wajinga, walisema samaki mkunje angali mbichi. Samaki akizoea tangi dogo tangu udogoni, mwili unajifunza kuacha. Mke wangu akasema methali ile ni ya kulea watoto. Na kwamba samaki mbichi wa kwenye methali ameshakufa.

Nikarudi mezani. Nilikuwa na kola za kukata.

Jumanne, 12 Machi

Jambo la ajabu. Nimepita karibu na tangi nikasimama ghafla. Hawa samaki si wale.

Wale walikuwa kidole. Hawa ni kiganja kizima. Hakuna mtoto anayekua hivyo, na mimi nimepima watoto wa shule tatu. Nikakaa chini nikafikiri, na picha ikajitokeza yenyewe. Shemeji ana ufunguo wa nyumba. Siku ninazopeleka sare shuleni, Shemeji anaingia, anawatoa wale, anaweka wakubwa zaidi. Kidogo kidogo, ili nisishtuke. Mwisho wa yote nipige magoti niagize tangi la mita moja na nusu na meza yangu iende uani ikanyeshewe.

Kikulacho ki nguoni mwako! Na mimi ni mtu wa nguo, nilipaswa kujua mapema.

Nimeweka mitego. Kwanza, uzi mweusi umefungwa kukatiza mfuniko wa tangi. Pili, unga umenyunyizwa sakafuni. Tatu, ushahidi wa kitaalamu: nimebandika karatasi ya kaki kwenye kioo nikamchora Bosi kwa chaki, pua hadi mkia, kama ninavyochora gauni kabla ya kukata. Alikataa kutulia. Nilichora mara nyingi. Sasa ninacho kielelezo cha Bosi, na doa lake la mkiani nimelitia wino. Wakimbadilisha, doa litasema.

Ijumaa, 15 Machi

Mitego imenasa!

Uzi umekatika. Unga una nyayo za aina mbili. Za kwanza ni za mke wangu, ambaye aliniuliza ni nani kamwaga unga wa wiki nzima sakafuni, na akaniita "fundi". Akiniita fundi ndani ya nyumba, najua hali ya hewa imebadilika.

Za pili ni viatu vya Shemeji. Nikamngoja mlangoni, mikono kiunoni. Hakukana hata kidogo! Akasema ndiyo, huwa anaingia. Anakuja kubadilisha maji. Anatoa ndoo, anaweka ndoo, kwa sababu tangi ni dogo na maji yanachafuka haraka, na yeye ni fundi bomba, kubeba maji kwake si kazi. Alikuwa akifanya hivyo tangu mwezi uliopita. Nikamuuliza kama ni jambo jema, kwa nini kwa siri. Akasema alijua nitamfikiria vibaya.

Na kweli nikamfikiria vibaya. Nani anabeba ndoo za watu bure?

Kuhusu uzi, mke wangu anasema Bosi ndiye anayerusha mfuniko kwa kichwa. Nilikaa nikachungulia. Akaurusha. Hilo moja nawapa.

Jumamosi, 13 Aprili

Kielelezo nimekirudisha kwenye kioo. Bosi amezidi mchoro vidole vitatu mbele na vitatu nyuma. Lakini doa ni lile lile! Upande ule ule, umbo lile lile. Hajabadilishwa. Basi wanamnenepesha.

Nimeamuru chakula kipunguzwe. Punje kidogo asubuhi, basi. Mlo wa mgeni asiyealikwa.

Sasa Bosi ananitazama. Nikiingia anakuja kwenye kioo. Nikiinua mkasi anaufuata kwa macho. Nikienda kulia, yeye kulia. Kwa mke wangu hafanyi hivyo, kwa Shemeji hafanyi. Nikashuku kwamba ametumwa. Nikamsogelea nimwambie ana kwa ana kwamba namjua. Akapandisha mdomo juu ya maji na kungoja. Nikampa punje moja tu, ili nimchunguze. Aliichukua vidoleni mwangu taratibu, bila kuuma.

Nilimpa nyingine. Halafu nyingine. Nilifurahi, nitaandika hivyo hivyo, nilifurahi. Mke wangu asijue.

Alhamisi, 18 Aprili

Siku mbaya.

Asubuhi maji yalikuwa na ukungu, Karani amelala kwa ubavu chini ya tangi. Mapezi yamechanika kama kitambaa kilichoshikwa na msumari. Mwanzoni nikamshuku. Nimeona wengi wanaougua Jumatatu wakapona Ijumaa. Nikagonga kioo, nikamwambia aamke, utani umekwisha. Jicho likazunguka likanitazama, na hakuamka.

Bosi ndiye aliyempiga. Nikamkaripia Bosi. Ndipo nikamwona akitaka kugeuka anikimbie. Alishindwa kugeuka. Alikwenda mbele, pua ikagonga kioo, akarudi nyuma, akajikunja, mkia ukagonga kioo cha pili, akajaribu tena. Pua yake imechubuka, nyekundu. Lori kwenye kichochoro! Na kila anapojikunja, Karani yuko hapo hapo chini yake, hana pa kwenda.

Sikula mchana. Nilikata mkono wa kushoto wa shati mara mbili, wa kulia sikukata.

Mke wangu hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliingia, akatazama, akatoka uani, akarudi na ndoo kubwa safi. Akasema Karani akifa, yeye atamchukua Bosi kwenye ndoo hii wakaishi kwa dada yake, na mimi nitabaki na meza yangu tukitazamana. Hakusema kwa hasira. Nguo zake hakuzigusa, ila ndoo ameiweka karibu na mlango. Mwanamke anayefungasha ndoo kabla ya nguo hatanii.

Niliogopa. Sijui kuandika hili kwa namna nyingine. Nilikaa mbele ya kigoda nikimwomba samaki asife.

Ijumaa, 19 Aprili

Karani yu hai. Shemeji amembadilishia maji mara mbili. Mimi nilishika ndoo.

Nimekwenda kwa fundi vioo. Njiani nilikuwa na mpango wa kujadiliana: mita moja, sentimita arobaini upana, tukutane katikati, kila mtu abaki na heshima yake. Sikumaliza hata sentensi. Fundi vioo akaenda nyuma ya karakana, akafunua turubai. Vioo vimesimama ukutani, vimeshakatwa, kingo zimeshasuguliwa. Mita moja na nusu. Sitini. Sitini. Vina vumbi juu.

Nikamuuliza ni vya nani. Akasema vyako, fundi. Akasema mke wangu na Shemeji waliviagiza tangu wiki ile ile niliyoagiza la maua, na yeye, muuza samaki na wao wawili walikaa hapa hapa karakanani wakakubaliana wasinibishie, wangoje tu nije mwenyewe.

Nilijua! Walikutana! Nilisema mwezi wa pili, nikaandika, na wakanifanya nionekane mwehu! Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Nikamwambia mke wangu kwamba njama imefichuka. Akasema ndiyo, ilikuwa njama, na akauliza kama vioo vinaletwa leo au kesho.

Jumamosi, 20 Aprili

Tangi limegundishwa karakanani, gundi ikikauka litaletwa. Lakini leo nimewapiga bao.

Shemeji alikuja na kigari, juu yake stendi ya chuma. Anasema kachomelewa na rafiki yake makusudi kwa ajili ya tangi. Rafiki yake! Nikaizunguka. Nikaitikisa. Ikalia kidogo mguu mmoja. Shemeji akasema sakafu ndiyo haiko sawa, si stendi. Wote husema hivyo.

Nikawauliza kama wanajua maji ya tangi lile yana uzito gani. Watu wazima saba waliokula wakashiba! Juu ya chuma cha rafiki! Ikianguka, Karani kafa, Bosi kafa, ndoo imeondoka na mke wangu. Hapana. Nikapiga ngumi meza yangu, haikutetemeka. Nikatangaza kwamba ndani ya nyumba hii kuna kitu kimoja tu cha kuaminika, na ni hiki. Tangi litakaa juu ya meza.

Mke wangu akauliza kama nina hakika. Shemeji akauliza kama nina hakika. Kadiri walivyouliza ndivyo nilivyozidi kuwa na hakika. Nikasimamia mwenyewe meza ikibebwa kutoka dirishani, maana ndipo Shemeji akasema muuza samaki kaonya kamwe lisikae dirishani, jua hugeuza maji kuwa ya kijani. Ikakaa ukutani karibu na mlango wa jikoni.

Meza ilipotua ndipo nikauliza, kwa kutaka kujua tu, wao stendi yao walitaka kuiweka wapi. Mke wangu akasema hapo hapo ilipo meza sasa. Ndipo alipofikiria tangu siku ya kwanza, alipoanza kunieleza nikamwambia asijisumbue. Dirisha lingebaki langu. Meza ingebaki pale ilipokuwa.

Nimetoka nje kupata hewa.

Jumatano, 22 Mei

Tangi lina mwezi sasa. Halisogei, na meza haisogei chini yake. Ninakatia sare sakafuni, magoti yanalia. Pale dirishani pamebaki wazi, mwanga mzuri ajabu, na Shemeji kaweka kiti. Kakaa! Anapunga upepo! Nilisema tangu mwanzo kwamba Shemeji analitaka dirisha langu, na hakuna aliyenisikiliza.

Karani kapona, mapezi yanaota. Bosi pua imepona, anageuka mara moja tu, kwa raha, bila kugusa kitu. Ndoo mke wangu kaiondoa mlangoni na sasa anafulia. Jioni tunakaa sote kuwatazama, hata mimi, kutokea sakafuni. Bosi bado ananifuata mimi peke yangu.

Lakini macho yangu ya kupimia hayalali. Nimewachunguza siku nzima. Upande wa kulia wa tangi, karibu sentimita arobaini, hawautumii kabisa! Nafasi tupu, inakaa juu ya meza yangu mwenyewe, inanicheka. Nimepunjwa mahali.

Jumapili, 26 Mei

Nimepata ufumbuzi. Nafasi ikikaa tupu, mtu ataijaza. Leo ni kiti dirishani, kesho ni kitu gani? Afadhali niijaze mimi.

Nilikwenda kwa muuza samaki nikaomba wengine wawili, wadogo, wa kuziba pengo. Akakataa. Akasema lile tangi ni la Bosi na Karani basi, nikiongeza nitarudi kulekule. Muuzaji anayekataa kuuza! Nani aliwahi kuona? Ananificha kitu, na Shemeji anakijua.

Nikaondoka bila kuaga. Kule sokoni nyuma ya maduka ya viatu kuna mwingine, hana duka, ana ndoo tu. Mtu wa kweli kabisa. Hakunieleza habari za mita wala upana. Nilimuuliza wanakuwa wakubwa kiasi gani, akaniapia kwa jina la mama yake kwamba hawavuki dole gumba hata wakizeeka. Nikamuuliza tangi gani linawafaa, akasema lolote. Hapo ndipo nilipojua kwamba hatimaye nimekutana na mtu asiye na njama.

Nimenunua wanne, kwa kuwa ni wadogo. Mke wangu na Shemeji wametoka, nitawaingiza sasa hivi kabla hawajarudi. Vichwa vyao ni vikubwa kidogo kwa umri wao, na wameshaota sharubu kama kambale, lakini hiyo ni ndoo tu inavyoonyesha.